Mashua Kuukuu Inayovuja Bwawani Mtera: Kutambua Maji Yanakoingilia na Namna ya Kuyazuia

Mtu akisema mjini Dodoma kwamba ana mashua ya tanga, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama ameiegesha juu ya kilima cha Mlimwa. Utani huo una haki yake, kwa kuwa mkoa huu hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu. Mashua ninayoisemea hapa ni ya aina ya yangu mwenyewe: chombo kuukuu cha mbao chenye urefu wa mita 9, kilichoundwa kwa mtindo wa pwani, chenye mlingoti mmoja, kijumba cha kulala watu wawili na injini ndogo ya dizeli, kilichopandishwa kwa lori hadi Bwawa la Mtera kwa ajili ya safari za siku mbili tatu majini.

Bwawa lenyewe, ambalo liko kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwa ajili ya umeme na wala si kwa ajili ya vyombo. Kituo chake kina uwezo wa megawati 80, na maji yake pia hulisha kituo cha Kidatu kilicho chini zaidi, hivyo usawa wa maji ya bwawa hupanda na kushuka kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ya mita 8.5 wima, kwenye kingo zenye mteremko mdogo, ina maana kwamba mahali ulipotia nanga mwezi Mei panaweza kuwa malisho ya ng'ombe ifikapo Novemba. Ndiyo maana ninashikilia kwamba pwani mashua huvuja kwa sababu ya maji na wadudu, ilhali hapa huvuja kwa sababu ya jua, na fundi anayeleta kanuni za Tanga au Bagamoyo bila kuzipima upya anaweza kuharibu zaidi kuliko alivyokuta.

Pima kabla ya kutafuta

Mwenye chombo akiona maji ndani, mkono wake hukimbilia gundi. Afadhali ukimbilie daftari. Fua, yaani chota na kumwaga nje, maji yote yaliyomo ngamani, yaani katika uvungu wa chini kabisa ambako maji ya kila upande hukusanyika, kausha kwa sponji na matambara, kisha andika saa. Baada ya saa 12 fua tena kwa ndoo unayoujua ujazo wake na uandike idadi ya lita. Tone moja kila sekunde, ambalo kwa macho linaonekana si kitu, hufikia lita 4 hivi kwa siku. Mashua ya mbao inayotoa nusu ya ndoo ya lita 20 kwa siku haimo hatarini, lakini lita hizo 10 zikiwa 20 wiki ijayo na 40 wiki inayofuata, kuna kitu kinachofunguka, na hapo usisubiri mpaka kiwango chenyewe kiwe cha kutisha. Wenye pampu ya umeme inayojiwasha yenyewe wawe waangalifu zaidi, kwa sababu pampu hiyo huficha ugonjwa: ngama huonekana kavu miezi yote, kisha siku moja betri hufa usiku na mwenyewe hugutuka asubuhi maji yakiwa yamefika kwenye godoro.

Mabaharia wa pwani wana kipimo chepesi cha kujua maji yametoka wapi, nacho ni kuonja. Yenye chumvi yametoka baharini, yasiyo na chumvi yametoka mvuani au katika tangi la kunywa. Mtera kipimo hicho hakina kazi, kwa kuwa bwawa, mvua na tangi vyote ni maji baridi. Badala yake tunatumia macho. Maji ya bwawa wakati wa masika huja na tope na huacha utelezi mwembamba wa udongo kwenye mbao. Maji ya mvua yaliyopita sitahani, yaani kwenye sakafu ya juu ya chombo, huwa maangavu zaidi, ingawa mara nyingi hubeba vumbi na punje za rangi iliyochakaa. Maji yaliyopita kwenye injini huwa na utando wa mafuta unaong'aa. Tangi la kunywa ukilitilia rangi ya chakula nyekundu, baada ya siku mbili litajitetea au litajishtaki lenyewe.

Ili kufuata njia ya maji ndani ya ngama kavu, piga mstari wa chaki kando ya kila mshono, yaani mwanya kati ya ubao na ubao, unaoushuku, au nyunyiza poda ya mtoto juu ya mbao, kisha rudi baada ya saa moja na taa. Maji yatakuwa yamekata mstari au kuchora mfereji kwenye poda, na mfereji huo utakuongoza juu hadi chanzo. Usitumie unga wa mahindi, maana panya wa Mtera hawahitaji mwaliko.

Kisha, kabla ya kuuliza maji yanaingia wapi, uliza yanaingia lini. Pima mashua ikiwa imetulia kwenye nanga, pima ikienda kwa injini bila tanga, pima ikienda kwa tanga bila injini, na pima baada ya mvua. Mara nyingi jibu la swali hilo la pili hupunguza upekuzi kutoka mita 9 za mbao hadi sehemu inayoenea kwenye viganja viwili.

Inavuja kila mahali mara tu baada ya kushushwa majini

Hili ndilo tatizo kuu la kwetu. Mashua iliyokaa nchi kavu tangu Agosti hadi Desemba, ama kwa makusudi ama kwa sababu bwawa lilirudi nyuma na kuiacha matopeni, huonekana imekufa. Mishono imefunguka, rangi imepasuka kufuata kila ubao, na mchana mtu akiwa ndani ya ngama huona mistari ya mwanga ikipita ubavuni. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Ubao wenye upana wa sentimita 15 ukisinyaa kwa asilimia 2 tu hupungua milimita 3, na ubavu mmoja una mbao kumi au zaidi, kila moja ikijitenga na jirani yake. Mbao za mninga husinyaa kidogo kuliko nyingi za bei nafuu, na hilo ni jambo la kukumbuka siku ya kubadilisha ubao, lakini hata mninga una mwisho wa uvumilivu wake mbele ya jua la Oktoba.

Kosa ambalo kila mtu hulifanya hapa, nami nililifanya, ni kuipiga kalafati, yaani kusokomeza pamba kwenye mishono ili kuzuia maji, mashua ikiwa bado kavu. Mwaka wa kwanza, mimi na fundi niliyemkodi tulisokomeza pamba katika kila ufa kwa nguvu zetu zote mpaka patasi ikawa inaruka. Mashua ilishushwa na kwa siku tatu haikuingiza hata tone, tukapongezana. Siku ya sita, usiku, nilisikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa kwa goti, kisha mwingine. Asubuhi mataruma mawili, yaani miti ya ndani inayoshikilia mbao za ubavu, yalikuwa yamepasuka, na ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umeivuta misumari yake na kutoka nje kwa unene wa kidole. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kutanuka, nazo hazikukuta nafasi ya kutanukia kwa sababu nafasi yote tulikuwa tumeijaza pamba. Mti unaotanuka hauzuiliwi na msumari. Ama mshono uuachie nafasi, ama utachukua nafasi hiyo kutoka kwenye mataruma.

Tiba sahihi ni kuirudishia mbao unyevu kabla ya kuhukumu chochote. Juma moja au mawili kabla ya kuishusha, tandika magunia ya katani yaliyolowana kwenye mbavu zote mbili, yafunikwe kwa turubai upande wa jua, na yamwagiwe maji asubuhi na jioni. Ndani ya ngama weka magunia mengine yaliyolowana na ndoo chache za maji, wala usiijaze. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na mashua iliyo juu ya magogo haikuundwa kubeba uzito huo kutoka ndani, kwa hiyo anayeijaza maji nchi kavu ili ivimbe haraka anaweza kuukunja mkuku wake, yaani ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote. Mishono iliyo wazi sana ijazwe kwa muda mchanganyiko laini wa mafuta ya ng'ombe na chokaa, ambao watu wa pwani huuita deheni na huupaka chini ya vyombo vyao. Mafuta ya ng'ombe ni kitu kisichokosekana katika nchi ya minada. Uzuri wa deheni ni kwamba haigandi ikawa jiwe. Ubao ukitanuka huisukuma nje, nawe unaikwangua kwa kipande cha ubao.

Ishushe asubuhi, mahali penye kina kifupi ambapo hata ikijaa itakalia mchanga, ukiwa na pampu mbili na watu wa kupokezana. Saa 24 za kwanza itavuja vibaya, na asiyezoea atataka kuipandisha tena, asiipandishe. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne kiwango kinapaswa kushuka kila unapopima. Kama kuna ufa unaosumbua chini ya mstari wa maji, mimina unga wa msumeno ndani ya kopo lililofungwa kwenye fito, lizamishe mdomo wake ukiwa chini hadi chini ya ufa huo, kisha ligeuze ili unga upande na kuvutwa na maji yanayoingia. Unga huziba mianya, nao huvimba pamoja na ubao. Ni hila ya kizamani, na inanipa saa za kulala.

Baada ya wiki moja ndani ya maji, kile kinachobaki kuvuja ndicho uvujaji wa kweli. Weka alama kila sehemu kwa rangi ya mafuta, kwa ndani, kwani ukiipandisha mashua tena hutazikumbuka.

Kalafati yenyewe

Mshono unaostahili kalafati ni ule uliokwisha kutanuka na bado unapitisha maji, au ule ambao pamba yake imeoza na inatoka kwa ukucha. Ondoa pamba ya zamani kwa kulabu yenye ncha butu, polepole, kwa sababu kulabu kali hula kingo za ubao na kuufanya mshono uwe mpana kuliko ulivyoumbwa. Mshono mzuri umebana kwa ndani na kufunguka kwa nje, mfano wa herufi V. Ukikuta umefunguka hadi ndani, pamba itapita na kuangukia ngamani, na hapo kazi ni kubadilisha ubao au kuuongezea ukingo, si kusokomeza zaidi.

Paka rangi ya mafuta ndani ya mshono kabla ya pamba. Mafundi wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kwa nini puti, yaani uji mzito wa chokaa na mafuta unaofunika pamba, imekauka na kudondoka baada ya miezi miwili. Ubao mkavu umefyonza mafuta yote ya puti na kuacha vumbi la chokaa. Pamba isokotwe kwa unene unaolingana na ufa, iingizwe kwa patasi butu na nyundo ya mbao kwa vikunjo vidogo vinavyofuatana, na iachwe ndani kwa milimita 3 hadi 5 kutoka usoni ili puti ipate mahali pa kukaa. Sikiliza nyundo. Mwanzoni hutoa sauti bubu, na pamba ikishakaa sauti hubadilika kuwa kavu na yenye mlio. Ukiendelea kupiga baada ya hapo unayarudia yale ya mashua yangu.

Inavuja ikienda kwa tanga, inanyamaza kwenye nanga

Mashua inayotembea kwa tanga hujinyonganyonga. Mlingoti unasukuma chini kwenye mkuku, kamba za pembeni zinavuta mbavu juu, na ubao wa kwanza unaoungana na mkuku, ambao umebanwa kati ya nguvu hizo mbili, ndio unaofunguka kwanza. Jaribio la kwanza ni kugeuza tanga. Enda nusu saa upepo ukitoka kulia, pima, kisha nusu saa upepo ukitoka kushoto. Kama maji huja pale tu upande fulani unapokuwa wa demani, yaani umeinamia majini, uvujaji uko juu ya mstari wa kawaida wa maji, katika mbao ambazo kwenye nanga hukaa juani mwaka mzima na ambazo kwa sababu hiyo ni kavu kuliko za chini. Hapo tiba huwa nafuu: kuzimwagia maji jioni, kuzipaka rangi nyeupe au ya mwanga badala ya nyeusi au bluu nzito inayovuta joto, na kupiga kalafati mishono michache.

Kama maji huja pande zote mbili sawasawa, angalia penye kitako cha mlingoti. Panda ndani, ng'oa sakafu, na mtu mwingine atikise mlingoti kwa kamba huku wewe ukishika ubao wa kwanza na mkuku kwa vidole. Ukisikia vinacheza, hata kwa unywele, misumari imelegea. Chomoa mmoja. Ukitoka mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, na mbao zinazouzunguka zikiwa nyeusi na laini, kutu imekula msumari na msumari umeuharibu ubao. Hakuna kalafati inayotibu hali hiyo. Misumari mipya ya mabati yenye kipimo kikubwa kidogo, ikipigwa kando ya matundu ya zamani, na matundu hayo yakizibwa kwa vijiti vya mti vilivyopakwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), itarudisha mshiko; taruma lililopasuka lipachikiwe jingine ubavuni mwake, refu kuvuka ufa kwa pande zote mbili. Legeza pia kamba za mlingoti ikiwa huwa unazikaza mpaka zinalia. Watu hudhani kamba inayolia ni dalili ya chombo imara, kumbe ni mkuku unaosukumwa utoke.

Maji huongezeka injini ikiwashwa

Hapa upekuzi ni mfupi. Anza na glendi, yaani kizibo cha kuzuia maji pale shafti ya panga boi inapotokea nje ya mashua. Glendi ya kizamani yenye pakingi ya kamba inatakiwa idondoshe matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka, kwa sababu matone hayo ndiyo yanayoipoza, na ikisimama iwe kavu au karibu na kavu. Ikimwaga zaidi, kaza nati kwa robo ya mzunguko, washa, kisha gusa bomba lake kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, moto usioshikika ni kwamba umezidisha na unaila shafti. Ikiwa nati imefika mwisho na bado inamwaga, pakingi imekwisha. Mpya hukatwa vipete vitatu au vinne vinavyojitegemea, miungo yake ikipishana, wala haizungushwi kama kamba moja ndefu, kwani maji yataifuata kamba hiyo kama ngazi.

Glendi ikiwa haina hatia, fuata mpira wa maji ya kupoza kutoka kwenye valvu, yaani koki inayofunga tundu la kuingizia maji, hadi kwenye pampu, na kutoka pampu hadi kwenye ekzosi. Kila ncha ya mpira iliyo chini ya mstari wa maji iwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Uvujaji wa ajabu zaidi ni ule unaotokea baada ya injini kuzimwa: maji yaliyokuwa yakisukumwa na pampu huendelea kujivuta yenyewe kupitia mpira ulioinama chini ya usawa wa bwawa. Mpira huo upandishwe juu vya kutosha na uwekewe valvu ya hewa kileleni, na mpaka utakapofanya hivyo funga valvu ya chini kila unapozima.

Maji baada ya mvua

Mvua ya kwanza ya Desemba hukuta sitaha iliyopasukapasuka kwa miezi saba, nayo hupita kama kwenye chekeche. Wengi hulipuuza tatizo hili kwa kuwa halizamishi chombo. Mimi naliogopa kuliko mengine isipokuwa tundu lenyewe. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi huchelewesha kuoza kwa mti. Maji ya mvua hayana kinga hiyo, na yakituama kwenye kichwa cha taruma chini ya sitaha pasipo hewa, kuvu huanza kazi yake. Bwawani hatuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, hivyo hatuhitaji kuchoma moto sehemu za chini kama wafanyavyo pwani, lakini kuoza kutoka juu ndiko kunakoua mashua zetu.

Tone linaloangukia mto wako halikuingia juu ya mto wako. Maji huingia kwenye bolti moja ya mbele, hutambaa chini ya boriti hadi yakutane na kizuizi, kisha hudondoka mita mbili mbali. Njia ya kuyakamata ni kumwaga maji kwa mpira au kopo kuanzia sehemu ya chini kabisa ya sitaha, kidogokidogo, dakika kumi kila hatua, mtu mmoja akiwa ndani na taa. Ukianzia juu, maji yataloanisha kila kitu yakishuka, nawe hutajua ni lipi lililoingiza. Wanaoshukiwa zaidi ni shingo ya mlingoti inapopenya sitaha, bolti za vishikio na vyuma vya kufungia kamba, na fremu za madirisha.

Bolti inayovuja haitibiwi kwa kupaka gundi pembezoni mwa kichwa chake. Ing'oe, panua tundu, jaza epoksi, ikikauka toboa upya kwa kipimo cha bolti, kisha irudishe juu ya gundi ya poliyurethani, ukiikaza nusu tu siku ya kwanza na kumalizia gundi ikishaanza kushika. Silikoni inayouzwa kwa ajili ya masinki na mabafu usiiweke juu ya mbao, kwa sababu rangi haitashika tena mahali hapo.

Haya ya sitaha na ya injini yanamhusu pia mwenye mashua ya faibaglasi. Ya kusinyaa na kalafati ayaache.

Maji yaleyale, mchana na usiku, katika hali zote

Uvujaji usiobadilika hutoka kwenye kitu kisichocheza: valvu, tundu la msumari, ubao uliooza, au kiungo cha mkuku. Kausha, piga chaki, fuata. Kuoza hupimwa kwa bisibisi nyembamba inayosukumwa kwa mkono bila nyundo. Ikizama milimita 5 katika mti uliopaswa kuwa mgumu, endelea kuchomachoma kuelekea pande zote hadi ukutane na uzima, kisha ongeza sentimita 30 kila upande kabla ya kukata. Valvu kuukuu igeuzwe kila mwezi hata kama haitumiki, na ile isiyogeuka ihesabiwe kuwa imeharibika.

Pwani fundi hupiga mbizi na kupapasa kwa nje. Mtera kuna mamba na viboko. Kagua kwa ndani, au subiri siku ya kuipandisha.

Maji yanapoingia kwa ghafla

Tundu la milimita 25, ukubwa wa mpira wa kawaida wa maji, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa bwawa, huingiza takriban lita 60 kwa dakika, yaani ndoo tatu za lita 20. Hakuna mtu mmoja atakayezimudu kwa kopo kwa muda mrefu, na pampu nyingi ndogo hushindwa pia. Kwa hiyo vaeni maboya kwanza, kisha mmoja afue maji na mwingine atafute, akianzia kwenye valvu na glendi. Karibu na kila valvu funga kwa uzi kigingi cha mti laini chenye umbo la karoti, kilichochongwa kulingana na tundu hilo. Kigingi kilichomo ndani ya sanduku la vifaa kimezama pamoja na sanduku. Ufa mrefu huzibwa kwa blanketi au kanga iliyokunjwa na kupakwa mafuta ya ng'ombe, ikabanwa kwa ubao na gongo lililokazwa kwenye boriti ya upande wa pili. Kama tundu liko ubavuni, geuza tanga ili upande huo uinuke, na elekea penye kina kifupi mapema, maji ya ndani yakiwa bado chini ya injini.

Miezi ya ukame

Kuanzia Juni ninafuatilia ukingo wa maji kwa vigingi vilivyochomekwa kila hatua kumi, na maji yakirudi nyuma na kuvuka kigingi cha pili kabla ya kuifikia mashua ninaisogeza, hata kama ni siku ya kazi na inanilazimu kusafiri kutoka mjini. Ikilazimika kubaki nchi kavu, inalala juu ya magogo kichwa chake kikielekea upepo, imefunikwa kwa matete juu ya fremu ili hewa ipite, magunia yaliyolowana yakiwa upande wa magharibi unaochomwa na jua la alasiri, na kijana anayelinda analipwa kwa ndoo anazomwaga. Mwishoni mwa Novemba ninamwaga maji sitahani kwa kopo, kutoka chini kwenda juu, ninapaka puti palipopasuka, ninazungusha valvu zote, kisha ninaondoa matete. Magunia yanabaki mahali pake mpaka siku mashua itakapoelea yenyewe, na siku hiyo daftari linaanza ukurasa mpya wa lita.